Bafta ya Farasi

Wazungu wa mradi wa karanga walipoondoka Kongwa waliuza matrekta, wakang'oa mabati, wakapanda treni. Bwana mmoja, ambaye mjomba alikuwa saisi wake kwa miaka kadhaa, alimwachia mjomba farasi aliyekuwa akimtunza. Farasi alibaki, lakini shuka lake likaondoka na bwana. Lilikuwa shuka jeupe lililotoka Ulaya kwa kazi moja tu, kumkinga farasi na nzi, na mjomba alilikumbuka kuliko alivyomkumbuka bwana mwenyewe.

"Mtu anakuachia mtoto halafu anaondoka na nguo zake," alikuwa akisema.

Niliporudi likizo kutoka chuo kikuu kule Kampala nilimkuta farasi amesimama uani kwa mjomba, Ipagala, nje kidogo ya mji, chini ya kibanda cha majani. Alikuwa akivuta kigari cha kuni kupeleka mjini, na kazi hiyo ndiyo iliyomtoa mjomba kwenye kubeba mizigo stesheni. Sasa kigari kilikuwa kimeinamia ukuta. Mkanda wa kuvutia ulikuwa umemchuna farasi begani, na nzi wakakigeuza kidonda kuwa nyumba yao. Mjomba alikiosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, akatoa mabuu kwa kijiti, na kila alipogeuka nzi walikuwa wamerudi.

Wiki ile ile bwana mifugo alipita. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha ofisini. Alikitazama kidonda bila kushuka vizuri kwenye gari.

"Mimi nakwenda Mpwapwa," alisema. "Nikirudi, kama bado iko wadudu ndani, nitapiga yeye risasi. Hii si maisha."

Mjomba aliendelea kufukuza nzi. Gari lilipoondoka aliniambia, "Umesoma. Tafuta shuka."

Sikuwa nimesomea farasi. Nilikuwa nimesomea mambo mengine, na zaidi ya yote nilikuwa nimejifunza kutokubali jambo kwa sababu tu mtu mzima amelisema. Mjomba alidai chuo kilinifundisha neno moja, nalo ni kwa nini. Kwa hiyo nilimuuliza: kwa nini shuka la bwana wake lilikuwa jeupe? Je, nzi wanaogopa weupe, au Wazungu wanapenda tu nguo nyeupe kwa kuwa si wao wanaozifua?

"Nzi hawakumgusa," alisema mjomba.

"Kwa sababu ya rangi au kwa sababu alifunikwa?"

"Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "hawakumgusa."

Tulianza na vitu vilivyokuwa nyumbani. Gunia lilikuwa la bure, lakini lilikuwa zito, lilimtoa jasho, na nyuzi zake zilinasa kwenye kidonda. Mjomba akakitazama chandarua changu kwa macho ambayo sikuyapenda. Nilikubali tujaribu. Hewa ilipita vizuri na nzi walibaki nje, mpaka farasi alipojikuna kwenye ua wa miiba kikachanika; usiku huo nililala bila chandarua na mbu wa Ipagala wakanishukuru.

Ikabaki nguo ya dukani, na swali la rangi. Mke wa mjomba, ambaye nilimwita mama, alikuwa tayari kutoa kaniki yake kuukuu. Kaniki ni nyeusi, nzito kiasi, haionyeshi uchafu. Mimi nilikuwa nimewahi kusoma mahali kwamba nzi wanaouma hupenda kutua penye giza, lakini nilikuwa nimesoma mambo mengi ambayo baadaye hayakuwa kweli. Nikatundika kaniki na kitambaa cheupe cha meza bega kwa bega kwenye ua, karibu na farasi, nikakaa kwenye kigoda kutazama.

Mama alipita na ndoo. "Anafanya nini?"

"Anawauliza nzi," alisema mjomba.

Wale wanaouma walitua kwenye kaniki kweli, na mara chache sana kwenye cheupe. Lakini nzi wa kawaida hawakujali. Nilipovipaka vitambaa vyote viwili usaha wa tambara la kidonda, walijaa kote kama wageni wa harusi. Nilimweleza mjomba kwamba weupe huenda unasaidia kwa wale wanaouma, na kwamba kwa hawa wengine kinachosaidia ni kufunika tu.

"Kwa hiyo nyeupe."

"Huenda nyeupe."

"Huenda haiuzwi dukani," alisema, akavaa kofia yake. Tukaenda mjini.

Duka tulilokwenda lilikuwa la Mhindi mmoja Mwislamu, mtu mzima mwenye ndevu za hina, ambaye mjomba alipenda kubishana naye bei hata kwa kiberiti. Mimi nilikwenda upande wa pili kupapasa vyandarua, nikiwaza usiku ujao. Mjomba alisimama mbele ya meza. Jirani yetu mmoja wa Ipagala alikuwa pale akipimiwa chumvi.

"Nataka bafta," alisema mjomba, akionyesha jora la kitambaa cheupe. "Nzuri, isiyochanika. Ya kumfunika mzima, asionekane ila kichwa."

Mwenye duka aliacha chumvi. "Ni mtu mzima?"

"Mzima kabisa. Mrefu kuliko mimi."

"Mwanamume?"

"Dume."

"Pole sana, mzee. Alikuwa anaumwa?"

"Kidonda cha begani. Nzi wamemmaliza."

"Mungu awape subira."

"Amina," alisema mjomba. "Subira ndiyo tunayoihitaji."

Haya yote niliyasikia. Niliona tu kwamba mwenye duka alikuwa mpole kuliko kawaida yake. Alipima bafta, akaongeza mkono mmoja juu, akaichana taratibu, akaikunja. Bei aliyotaja mjomba ndiyo aliyokubali, hapo hapo, bila hata kubisha. Kisha akachukua furushi la pamba na kipande cha ubani, akavifunga pamoja na nguo katika karatasi, akasema hivyo anatoa yeye, asilipwe. Jirani yetu alikuwa ameshatoka, mkono kichwani, chumvi ameiacha mezani.

Njiani mjomba alitembea kifua mbele. "Yule Mhindi anajua farasi," alisema. "Umeona? Pamba ya kufutia kidonda. Ubani wa kufukizia nzi. Na wala sikumwambia."

Hilo lilinisumbua kidogo. Nilitaka kuuliza mwenye duka alijulia wapi mambo ya farasi, lakini tulipita kinuni kununua pumba, na kinuni kuna kelele.

Tulipofika Ipagala uwanja ulikuwa umejaa wanawake, wamekaa chini, miguu wameinyoosha. Mmoja alikuwa amekuja na unga kwenye ungo. Wanaume wawili walisimama pembeni na majembe, wakingoja kuonyeshwa mahali. Mama alikuwa katikati yao akilia kwa lugha ya kwao, ile yenye vidoko vya ulimi, ambayo mjomba hakuwahi kuiweza. Baba yake mzazi alikuwa mgonjwa huko Kondoa tangu mavuno.

Mama alimwona mjomba na lile furushi, akainuka.

"Niambie wewe mwenyewe," alisema kwa Kiswahili. "Usinizungushe. Umenunua sanda ya nani?"

"Sanda?"

"Bafta, pamba, ubani! Ya nani? Ni baba yangu? Habari imekuja ukanificha?"

Mjomba alilitazama furushi kana kwamba lilikuwa limezungumza. "Ya farasi," alisema.

Farasi alipiga mkia kwenye kibanda chake. Kisha mtani wa mjomba, mzee mfupi ambaye alikuwa ndio kwanza anaingia, akajipasulia njia katikati ya waombolezaji. Watani ndio wenye ruhusa ya kutukana msibani, na huyu alikuwa amekuja tayari.

"Nionyesheni marehemu nimtukane!" alisema. Akaonyeshwa. Akamzunguka farasi. "Ndiye huyu? Mbona anatafuna? Nyie watu wa nyumba hii hata kufa hamjui."

Wanawake walianza kucheka, wengine kwa hasira. "Na sisi tuliolia?" aliuliza mwenye unga.

"Machozi hayarudishwi dukani," alisema mtani. "Unga rudi nao."

Mama hakucheka. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akaingia ndani, na alipotoka sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, jambo ambalo mjomba aliliogopa zaidi. "Nguo hiyo nimeilia," alisema. "Uwanja mzima umeilia. Haitavaliwa na chochote chenye uhai nyumbani kwangu."

"Ni kitambaa tu, mama," nilisema. "Kabla ya kuchanwa kilikuwa jora dukani. Wangeweza kushonea kanzu ya bwana harusi."

"Wangeweza. Hawakushona. Ilichanwa kwa jina la maiti."

Nilitaka kumuuliza jina hilo liko sehemu gani ya uzi. Lakini niliuona uso wake, na pia nilimwona mjomba akianza kuikunja ile bafta upya, pole pole, kama mtu aliyekwishakubali. Bwana mifugo angerudi wakati wowote. Duka lisingeturudishia nguo, na mjomba hakuwa na fedha ya kununua nyingine. Kaniki ingewaita wale wanaouma, na hilo nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Farasi alikuwa na shuka moja duniani, na shuka hilo lilikuwa sanda.

Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo hadi leo silipendi. Niliacha kubishana kama ninavyoamini, nikabishana kama wao wanavyoamini.

"Sanda ina upindo?" nilimuuliza mama.

"Haina."

"Inapita kwenye cherehani?"

"Haipiti."

"Tukiipeleka kwa fundi, ikapigwa upindo pande zote, ikatiwa kamba kifuani, bado ni sanda?"

Alifikiri. Alifikiri kwa haki, kuliko nilivyowahi kuona watu wakifikiri katika midahalo ya chuoni. "Upindo unaweza kufumuliwa," alisema mwishowe.

"Basi itieni mfuko," alisema mtani, ambaye hakuwa amekwenda kokote kwa kuwa alisikia uji unapikwa.

Mama alimtazama, halafu akamtazama farasi. "Mfuko," alisema. "Hapo sawa. Ikiwa na mfuko si sanda, ni nguo."

Niliuliza farasi ataweka nini mfukoni. Mjomba alikuwa ameshatoka na bafta kwapani kumwahi fundi kabla hajafunga.

Fundi alishona bila kuuliza maswali, ila moja: mfuko wa upande wa kulia au wa kushoto. Mjomba alisimamia vipimo mwenyewe. Alitaka sehemu ya bega iachwe pana ili isivutike juu ya kidonda farasi akiinamisha shingo kula, na kamba zifungwe kifuani na chini ya mkia tu, maana ya tumboni angeikanyaga. Vipande vilivyobaki mama alivikata utepe mwembamba, akavishona kwenye hatamu vining'inie mbele ya macho, na farasi akawa anatikisa kichwa kama mtu anayekataa kila anachoambiwa. Ubani tulifukiza kibandani. Ulifukuza nzi wakati unawaka na si zaidi, na niliposema hivyo mjomba aliniomba nikae kimya mpaka likizo iishe.

Siku zilizofuata kidonda kilioshwa kama zamani, lakini sasa kilifunikwa mara tu kilipokauka maji. Mabuu ya kwanza yalitolewa, kisha machache, kisha kijiti cha mjomba hakikupata kitu. Je, ni weupe, au ni kufunikwa, au ni chumvi iliyopata nafasi ya kufanya kazi? Nilipendekeza tumvalishe kaniki siku mbili tuone tofauti. Mjomba aliweka kijiti chini.

"Akifa utaandika kwamba ilikuwa kaniki?"

Sikupendekeza tena. Kwa hiyo sijui, na sitaki kujifanya ninajua.

Bwana mifugo alirudi adhuhuri moja, vumbi la barabara ya Mpwapwa hadi kwenye nyusi. Safari hii alishuka kabisa. Bunduki ilikuwa kwenye kiti cha nyuma, ndani ya mfuko wake wa turubai, na mjomba aliiona kabla hajamwona mtu. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili.

Yule Mzungu alilizunguka shuka, akavuta kamba ya kifuani, akagusa upindo. Alipofika ubavuni alisimama.

"Hii mfuko ya nini?"

"Ya kuonyesha kwamba yu hai, bwana," alisema mjomba.

Bwana mifugo alinigeukia mimi, nami nikainua mabega. Akafungua kamba, akalikunja shuka hadi mgongoni. Alikitazama kidonda kwa muda mrefu. Ukingoni kilikuwa kimekauka, na katikati nyama ilikuwa nyekundu, safi, bila unyevu. Alikibonyeza kwa vidole viwili na farasi akarusha ngozi. Alinusa vidole vyake, akavifuta kwenye suruali. Nzi mmoja alitua pale pale begani, naye akamfukuza kwa mkono wake mwenyewe.

"Funika yeye," alisema, akarudi kwenye gari.

Mjomba hakusogea. "Bwana amesema nini?" aliniuliza, ingawa maneno yalikuwa ya Kiswahili na alikuwa amesimama karibu kuliko mimi.

"Amesema tumfunike."

Gari liliwashwa. Mjomba alilishusha shuka, akalinyoosha begani kwa kiganja, akapita upande wa pili wa farasi, mahali ambapo hatukuweza kumwona uso, akainama kufunga kamba ya kifuani. Ni fundo moja tu, lakini alikaa huko muda mrefu.