Shujaa Aliyemeza Dhahabu

Niliwahi kuruka juu ya mji wa Bunia nikiwa nimevaa buti za mvua na pazia la saluni. Filamu ipo, ila haijaonyeshwa ukumbini hata siku moja.

Mwongozaji alikuwa jirani yangu, mpiga picha za harusi aliyechoshwa na keki. Hadithi aliitunga mwenyewe: mchimbaji wa machimbo ya Kilo anameza kijiwe cha dhahabu ili asinyang'anywe, kesho yake anaamka na nguvu za ajabu. Anainua lori, anapaa kama kipanga. Adui yake, mnunuzi mwenye miwani myeusi, anaitaka dhahabu hiyo, na anajua itatokea njia gani. Kwa hiyo nusu ya filamu shujaa anapigana na waovu, nusu nyingine anaogopa kwenda choo. Shujaa nilikuwa mimi. Nilikuwa na kifua kipana na sikuwa na kazi.

Kuruka kwenyewe kulikuwa kulala kifudifudi juu ya meza iliyofunikwa shuka la kijani, huku adui yangu akinipepea kwa kifuniko cha sufuria. Baadaye kompyuta iliifuta meza, ikaweka mawingu. Lakini shuka lilikuwa fupi. Ukitazama vizuri, mguu mmoja wa meza unaruka pamoja nami mpaka Bogoro.

Wakati huo nilikuwa nimeposa. Wakwe zangu ni watu wa ng'ombe na kanisa. Siku chache kabla ya onyesho la kwanza ukumbini, mwongozaji alishindwa kujizuia, akasambaza kipande kifupi kwenye simu za watu. Kikamfikia mama mkwe. Nikaitwa.

"Ni weye iko juu ya nyumba za watu?"

"Ni miye, mama. Lakini ni filme tu."

"Watu wenye wanarukaka bila ndege, siye tunawajua."

"Mama, nililala juu ya meza."

"Meza nayo iko inaruka! Niliona muguu yake."

Baba mkwe aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa akilia. Hukumu ikatoka: mlozi, yaani mchawi, hapewi binti. Filamu ikionyeshwa, hakuna ndoa.

Nilimwendea mwongozaji, nikamweleza. Akasema, "Na kazi yote ile, unachagua bibi?"

"Ndiyo."

"Basi harusi nitapiga miye."

Akabandua tangazo mlangoni pa saluni ya mama yake, taratibu, asilichane. Niliona uchungu. Sikuwahi kufanya kitu chochote vizuri kama nilivyoruka pale.

Tukaoana, tukazaa. Miaka ikapita. Juzijuzi mvua ilimzuia mama mkwe kwetu mchana mzima. Alipochoka kutazama ukuta, aliniambia, "Lete ile filme yako ya bulozi."

Jirani akaja mbio, kompyuta ndani ya koti. Mama mkwe alitazama bila kupepesa. Adui alipojibanza nyuma ya choo akiwa na beseni mkononi, alicheka mpaka kilemba kikaanguka.

"Ule mubaya anakupita kucheza," aliniambia ilipokwisha. Kisha akamgeukia mwongozaji. "Filme muzuri hivi, munaifichaka juu ya nini?"

Jirani akanitazama. Mimi nikamimina chai.