Kumfikisha Baba Iringa na Kigaga Chake

Niliondoka Mbalizi alfajiri, duka langu la nguo nimelifunga, kwa sababu moja tu: kumzuia baba asijisafishe kabla sijampeleka hospitali Iringa. Kwa miaka mingi ugonjwa wa ngozi umemsumbua muundi wa kulia. Unawasha, unavimba, unapoa, unarudi. Miezi ya karibuni palikuwa pameota kigaga kigumu kama ukwato. Alipokwenda hospitali mara ya kwanza alikikwangua chote kwa wembe, eti asimwonyeshe daktari uchafu, akarudi na dawa ya kupaka tu. Niliposikia nilichemka.

Madibira kwa baba nilifika jua limeshakuwa kali. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mguu ndani ya beseni, wembe mkononi.

"Baba, weka chini!" Hata shikamoo sikutoa.

"Minza mwanangu, ng'ombe wa mnadani tu tunamwosha, sembuse mimi niende kwa daktari hivi?"

"Daktari anakitaka hicho hicho kigaga!"

Nilimpokonya. Alinuna, tukapanda basi, tukapita mashamba ya mpunga hadi Mafinga. Kila mkono wake uliposhuka kuelekea mguuni, niliudaka.

Jioni tuliingia Iringa na baridi yake. Mama Tuli, mteja wangu wa Kihesa, alitupokea kwake. "Kamwene baba, karibu ndani," alimsalimu kwa Kihehe, akatenga ugali na maharage. Baba alimega mara mbili tatu akaacha.

"Mimi nimeshakula chumvi nyingi," alininong'oneza. "Ila kama huu ni ugonjwa wa damu, si nimewapa na ninyi?"

Hasira iliniisha pale pale. Nikaanza kuogopa pamoja naye.

Kesho yake hospitalini daktari, mwanamke mpole, alikata kipande cha ukingo wa kigaga, kikaenda maabara. Tulisubiri kwa Mama Tuli siku kadhaa, usingizi umetukimbia. Majibu yakaja: saratani ya ngozi, bado changa.

"Ngozi kuvimba miaka mingi kunaweza kuweka alama juu ya maagizo yanayoongoza seli, bila kuyabadilisha maagizo yenyewe," daktari alieleza. "Yale ya kuzuia seli zisiongezeke ovyo yanafungwa, mengine yanafunguliwa. Ngozi ikipoa, baadhi ya alama zinabaki. Ni njia mojawapo ya saratani kuingia."

"Na wanangu?" baba alidakia.

"Alama hizi ziko kwenye ngozi ya mguu wako, baba. Hukuwarithisha."

Baba alilia mbele yetu. Sikuwahi kumwona akilia.

"Na mguu?" niliuliza mimi.

"Unabaki, tukiikata saratani yenyewe sasa."

Alitaka kwanza akavune. Nilimwambia mpunga una wavunaji wengine, naye akakubali kulazwa.

Tulirudi Madibira kidonda cha upasuaji kilipofunga. Nilichojifunza ni kwamba ngozi kupoa siyo kupona. Daktari alituonya ugonjwa unaweza kuchomoza tena pembeni. Tangu hapo simu ya baba ikilia, nashtuka.

Juzi alipiga nikiwa dukani. "Pameota kingine," alisema.

"Nakuja, baba. Usiguse kitu."

"Uje kufanya nini? Niko ndani ya basi la Iringa, Mafinga tumeshaipita."