Mume wa Refa

Verlyn Kucera hakuwa mpenzi wa mchezo wowote. Alifanya kazi kwenye maghala ya mahindi mpaka akastaafu, na starehe yake ilikuwa kutengeneza vitu vilivyoharibika. Uwanjani alifikishwa na mkewe, LuAnn.

LuAnn alikuwa akisambaza barua mashambani, hapo Nebraska, Marekani. Siku moja refa wa softiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbilia vituo, ya mabinti wa mji wao hakutokea, na kwa kuwa yeye aliwahi kuwa mdakaji shuleni, wakamwomba asaidie mara moja tu. Mara moja hiyo ikazaa miaka. Akapanda kutoka ligi za watoto hadi za sekondari, na kutoka sekondari hadi vyuo. Gari lake lilipokufa, Verlyn akawa anampeleka. Alipolifufua, akagundua kwamba nyumba bila LuAnn siku ya Jumamosi ina ukimya usiovumilika, basi akaendelea kwenda naye.

Kazi yake huko ilikuwa kukaa. LuAnn alimpa sharti moja: asijibu. Watu wakisema refa kipofu, anyamaze. Wakisema kahongwa, anyamaze. Na asijitambulishe, maana refa mwenye mume jukwaani ataonekana ana upande. Verlyn akazoea. Alikuwa akikaa na chupa yake ya kahawa na mfuko wa mbegu za alizeti, mkewe akitukanwa kushoto na kulia, naye akitafuna taratibu na kutema maganda kwenye kikombe.

Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, LuAnn alipangiwa fainali ya ubingwa wa kanda. Chuo cha Holmquist, waliovaa kijani, walikutana na wenyeji, Platte Ridge, waliovaa nyekundu. Mwezi wa tano ulikuwa na tabia zake: kabla mchezo haujaanza mvua ikashuka, wachezaji wakavuta turubai juu ya uwanja, na watu jukwaani wakabanana. Verlyn hakuwa na mwavuli. Mwanamume mnene mwenye koti la kijani akamsogezea wake.

"Karibu, mzee. Utaloa bure."

Aliitwa Doug Wiebold, na hakuwa mtu wa kusubiri kuulizwa. Binti yake, Kamryn, ndiye mrushaji wa Holmquist. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Baada ya hapa, uuguzi.

"Wewe una binti humu?"

"Hapana," alisema Verlyn. "Napenda tu kuangalia."

Haukuwa uongo. Hakusema anaangalia nini. Mvua ilipokwisha walikuwa wameshamaliza nusu ya mfuko wa mbegu na kuelewana vizuri juu ya matrekta.

Mpira ulipoanza, Doug akabadilika. Kila Kamryn alipozungusha mkono na kuachia, na LuAnn, aliyesimama nyuma ya mdakaji, akakataa kuuhesabu mrusho ule, Doug alisimama.

"Refa, huo ulipita katikati. Unataka akuletee mkononi?"

Watu wakacheka. Verlyn akatafuna.

"Mama, kama giza limekuzidi tuambie, tuna tochi kwenye gari."

Kisha akasema habari ya mbwa wanaoongoza vipofu, akampiga Verlyn kiwiko. "Au siyo, mzee?"

"Ongeza mbegu," alisema Verlyn, akimpa mfuko.

Mchezo ulikuwa wa kubanana. Platte Ridge walikuwa mbele kwa pointi moja, na kipindi cha sita kilikuwa kinaelekea ukingoni, pale mpigaji wao alipougusa mpira kidogo tu. Mpira ukachepuka kwenye gongo, ukaruka juu ya bega la mdakaji, ukampiga LuAnn kwenye mtulinga. Ulitoa sauti ya ubao unaovunjika. LuAnn akashuka goti moja, kisha akaweka mkono chini.

Verlyn alijikuta kwenye uzio bila kukumbuka ngazi alizopita.

"Lu," aliita. "Lu, mama."

Kamryn alikuwa ameshatoka kwenye duara lake na kumfikia refa kabla ya daktari wa timu. LuAnn akaketi, akavua kinyago cha chuma, akavuta pumzi. Daktari akambonyezabonyeza, akamzungusha mkono, akatikisa kichwa kwamba hakuna kilichovunjika. LuAnn akatazama uzioni. Akamwonyesha Verlyn kidole kimoja, kilichomaanisha rudi ukae. Akarudi akakaa.

Doug alikuwa anamtazama.

"Unamfahamu refa?"

"Tunaishi nyumba moja."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa na nywele."

Doug akavua kofia yake. Uwanjani mchezo ulikuwa umeshaendelea. "Nilisema habari ya tochi," alisema hatimaye.

"Ulisema."

"Na ya mbwa."

"Hiyo nilicheka kidogo moyoni."

Doug akapangusa uso kwa kofia. Alimega mkate wake wa nyama na kabichi, akampa Verlyn kipande kikubwa, na Verlyn akala ingawa hakuwa na njaa.

Kipindi cha saba, cha mwisho, Holmquist walikuwa wamebakiza mtu mmoja wa kutolewa. Kamryn alikuwa amesimama kituo cha pili baada ya kupiga vizuri, na mwenzake akaupiga mpira chini ukapenya kwenda nyuma. Kamryn akakimbia, akapita kituo cha tatu, akakata kona kuelekea kituo cha nyumbani, panapopatikana pointi. Mpira ukarudi, mdakaji akaudaka, Kamryn akajirusha chini akiteleza kuelekea kituo. Vumbi halikuwepo kwa sababu ya mvua, lilikuwa tope. LuAnn aliinama juu yao, akanyanyua ngumi. Ametoka. Platte Ridge mabingwa.

Upande wa kijani ukalipuka. Doug alisimama, mdomo wazi, kisha akamtazama jirani yake.

"Alifika," alisema kwa sauti ya chini.

"Hakufika."

"Mzee, mimi nina macho."

"Hata yeye anayo."

Kusema kweli Verlyn hakuwa ameona kitu. Alikuwa akitazama bega, kama lingekubali kunyanyuka.

Doug alijikaza akashindwa. Akageukia uwanja. "Alifika, bibie," alipaza sauti, halafu akamwambia Verlyn, "Nimesema kwa adabu."

Baadaye, kwenye maegesho, LuAnn alikuwa ameketi nyuma ya gari lao, barafu begani, Doug alipokuja na bakuli mbili za maharage ya nyama na pilipili na maandazi ya mdalasini yaliyoletwa na wazazi wa kijani. Kamryn alimfuata, tope hadi kiunoni, macho mekundu.

"Bega likoje, mama?"

"Kesho litakuwa jeusi. Umecheza vizuri, binti." Zaidi ya hapo LuAnn hakusema. Refa hazungumzii maamuzi yake.

"Bado nasema alifika," alisema Doug.

"Baba, mdakaji alinigusa na mpira."

"Wapi?"

"Hapa, gotini. Kabla sijafika."

"Na umeniacha nipige kelele muda wote huu?"

"Ungenyamaza?"

LuAnn akacheka, bega likamuuma, akamwomba Mungu na Kamryn wasimchekeshe tena. Wakala wote wanne hapo hapo garini, wakichovya andazi kwenye maharage kama ilivyo desturi ya Nebraska.

Kurudi, Verlyn aliiacha njia kuu yenye viraka vya kutikisa gari akashika ile ndefu iliyolainishwa juzi. Mahindi yalikuwa yameanza kuchungulia ardhini, mistari ya kijani kila upande. LuAnn aliuliza kwa nini wamepita huku, lakini usingizi ulimchukua kabla hajajibiwa, sukari ya mdalasini ikiwa bado kidevuni. Verlyn alizima redio, akaendesha polepole.