Dada, Hesabu na Gunia la Lumbesa

Kwenye ukoo wetu hesabu ni ugonjwa wa kurithi. Baba alipata F, mjomba alipata F, na dada yangu alipata F yake ya kidato cha nne akaizika bila hata matanga, akaenda zake kusoma historia na Kiswahili mpaka akawa mwalimu Makambako. Kwa hiyo mimi nilipopata C kidato cha pili, mama alitangaza kanisani kwetu Njombe kama vile nimepata uchungaji. Nikawa kipanga wa familia. Kipanga wa C.

Dada alikuwa anataka shahada ya uzamili, nje ya nchi. Chuo kilimkubali kwa sharti moja: afanye mtihani wao wa kujiunga. Na mtihani huo, uwe unakwenda kusomea fasihi au ufugaji wa nyuki, lazima una hesabu. Asipofikisha alama wanazotaka, nafasi anapewa mwingine. Likizo ya Juni mama akanipakia kwenye basi.

"Kamfundishe dada yako."

"Mama, mimi nipo kidato cha tatu!"

"Si ndiyo maana unakumbuka? Mwenzio kasahau."

Makambako upepo hauna adabu. Ulikuwa unagonga mlango wa chumba cha dada kama mwenye nyumba anayedai kodi. Tulikaa kwenye mkeka, jiko la mkaa katikati yetu, dada kajifunga blanketi kiunoni. Nikaanza na asilimia, kwa sura ya ualimu kabisa.

"Gunia la viazi lina kilo mia. Robo yake imeoza. Umebaki na kilo ngapi?"

"Gunia gani hilo la kilo mia?"

"La kwenye swali, dada."

"Halina lumbesa? Wewe umeshawahi kuliona?"

Sijawahi. Kwetu gunia halijajaa mpaka lizidi. Likifika mdomoni linaongezwa kichuguu cha viazi juu, ndiyo lumbesa yenyewe, kinashonewa kwa kamba, na mnunuzi analipakia akiliita gunia moja bila haya. Tumezaliwa tukalikuta hivyo.

"Kilo mia tu, dada. Tafadhali."

"Haya, sabini na tano. Lakini huyo mkulima ni muongo."

Pamoja na ubishi wake alianza kushika. Sehemu akashika, uwiano akashika. Akaanza kuniita "mwalimu" bila kucheka, na hapo ndipo nilipoingiwa na woga. Nilizoea kuitwa hivyo kwa kejeli.

Kisha tukafika kwenye uwezekano. Shuleni kwetu somo hilo linangoja kidato cha nne. Nilikuwa nalisoma asubuhi dada akiwa gengeni, akirudi namfundisha huku linanukia ubichi. Siku moja akakokotoa uwezekano wa kutoa mpira mwekundu mfukoni, akapata moja na robo. Nikamwekea alama ya vema, kubwa. Tukafungua majibu nyuma ya kitabu.

"Kitabu kimekosea," nikasema.

Dada akarudi kwenye maelezo, akayasoma kwa kidole. "Wanasema uwezekano hauzidi moja. Kwa nini?"

"Kwa sababu moja ndiyo kujaa."

"Na kikishajaa hakizidi?"

Tukatazamana. Watoto wawili wa Njombe, hakuna mwenye ushahidi.

"Nieleze, mdogo wangu. Usinitanie."

Sikuwa namtania. Nikamsomea ukurasa wote kwa Kiingereza, polepole, kana kwamba nikienda polepole maana itatukuta njiani. Nikarudia.

"Umeelewa?" nikamuuliza.

"Hapana. Wewe?"

"Mimi pia sijaelewa."

Hakunigombeza, bora angenigombeza. Aliweka kalamu chini, akapuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu. "Basi tukariri," akasema. Tukakariri kama watoto wa kipaimara: hauzidi moja, hauzidi moja. Yeye ndiye aliyekuwa anajua muda uliobaki kabla ya mtihani, mimi nilikuwa najua kurasa zilizobaki, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Mtihani aliufanyia Dar es Salaam, kwenye kompyuta, na alama za hesabu zinatokea palepale ukimaliza. Alipiga simu mchana, mimi nimesharudi nyumbani Njombe, naosha sufuria.

"Zimeishia chini," akasema.

"Chini sana?"

"Chini. Kwao kidogo na sana ni sawasawa."

Mimi mtu ambaye hata msibani sikosi neno. Nilitaka kumuuliza kama uwezekano ulitoka, na kama alikosea pale nilipomfundisha mimi, nikaogopa asije akanijibu.

"Upo?"

"Nipo, dada."

"Mama usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

"Sawa." Nyuma yake kulikuwa na honi na mtu anauza maji. "Umekula?"

"Bado."

"Kula basi."

Akasema atakula. Lakini hakukata simu, na mimi sikukata, mpaka salio lake likaisha.