Baba mkwe haruhusiwi kuniona, lakini kila siku alipanda tramu yangu (Brussels)

Wakuu, poleni na mihangaiko. Leo nina kicheko kimenikaa tumboni tangu asubuhi, nisipokitua humu nitapasuka.

Najua jukwaa letu linavyopenda chai. Hii si chai. Imenikuta mwenyewe, majina tu ndiyo nimebadilisha ili shemeji zangu wasije kuniitia kikao.

Mimi ni dada wa Kiluguru, wa Morogoro. Nilikuja Brussels mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya shule. Shule ikaisha, nikaolewa na Mnyakyusa tumwite Ambwene, tukapanga Anderlecht kwenye ghorofa la bei ya kawaida. Baada ya kuosha vyombo vya watu na kulea wazee wa watu, nikaomba kazi ya kuendesha tramu.

Nikapata. Mimi, mtoto wa Mama Zai, naendesha tramu!

Kwa ambao hamjaiona: ni kama treni ndogo inayopita barabarani pamoja na magari, inavuta umeme kwenye waya juu. Haikwepi mtu maana haina usukani. Sheria ya hapa inaipa kipaumbele karibu kila mahali, hata mwenye gari la mamilioni anakaa pembeni inapita. Mara ya kwanza nilipopiga kengele na gari kubwa jeusi likanipisha, nilitamani kusimamisha nimpigie mama simu.

Kwenye training walitulisha historia mpaka tukasaza. Kwamba zamani tramu za hapa zilivutwa na farasi, na kwenye mlima wanaongezwa farasi wengine wa kusaidia. Ukaja umeme, jiji likajaa reli kama utando wa buibui. Halafu magari yakaja, watu wakaona tramu ni ushamba, njia nyingi zikang'olewa na nyingine zikazamishwa chini ya ardhi. Foleni zilipowakomesha wakaanza kuzirudisha.

Binadamu bwana. Kitu ukitupe mwenyewe, ukiokote mwenyewe.

Mimi nilipangiwa njia namba 44. Inaanzia Montgomery chini ya ardhi, inatoka juu, inapita kwenye mabwawa, inaingia msituni kabisa, inaishia mji mdogo unaoitwa Tervuren. Msitu, wakuu, ndani ya tramu! Tulikuwa bado tunatumia zile tramu za zamani ambazo mwendo na breki unakanyaga kwa miguu. Nilizipenda kupita kiasi.

Kitu kimoja muhimu kuhusu 44, mkishike: mwisho wa njia, pande zote mbili, reli inazunguka duara. Kwa hiyo dereva hahami kiti. Unakaa mbele, unazunguka, unarudi ulikotoka, abiria wote wako mgongoni kwako siku nzima.

Sasa tuje kwa mzee.

Baba mkwe wangu ni wa Tukuyu, mstaafu wa reli. Amefanya kazi kwenye reli ya kwenda Zambia zaidi ya miaka thelathini. Na kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawali pamoja, wakikutana njiani mwanamke anajifunika na kuacha njia. Wala si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe.

Sisi Waluguru baba mkwe unapiga naye soga hadi ugali unapoa. Nilipoelezwa hayo wakati wa uchumba nilicheka. Nikaambiwa nisicheke.

Mwaka mmoja, miaka ya 2010 imeshaanza, mzee akasema anakuja wiki tatu. Kuna sababu ilimleta. Alikuwa amesikia mkamwana wake anaendesha chombo cha reli na hakupendezwa hata chembe. Alimwambia Ambwene kwenye simu kwamba reli ameijua, ameona ilivyowafanya watu, na si mahali pa mama wa nyumba yake. Akasema atakuja aone kwa macho yake halafu atatamka.

Na mume wangu, mtoto mtiifu, akamwahidi kwamba atakalotamka ndilo litakalokuwa.

Wakuu, nilinuna siku mbili. Kazi yangu, niliyoisomea Kifaransa mpaka ulimi ukavimba, inasubiri hukumu ya mtu ambaye hata kunitazama haruhusiwi! Lakini ningefanyaje? Ambwene hajawahi kumvunjia baba yake neno, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza kumfundisha.

Mzee akafika mwezi wa kumi, baridi imeanza.

Nyumba yetu ina korido moja, nyembamba. Chumba chake huku, chetu kule, choo katikati. Siku ya kwanza nilijifungia jikoni karibu saa nzima nikisubiri apite. Siku ya pili mzee akaleta utaratibu wa reli. Alimpa Ambwene taulo jekundu, akamwelekeza: mwenye kuingia kwenye korido aning'inize taulo mlangoni, akitoka aliondoe. Taulo likiwepo, njia ina treni, usiingie.

Ikafanya kazi kuliko ratiba ya jiji. Hatukugongana hata mara moja. Nilichokiona cha mzee kwa wiki nzima ni viatu vyake vyeusi vilivyong'arishwa, mlangoni.

Ambwene alikuwa anafanya kazi nyumba ya wazee, anatoka alfajiri. Mimi nami natoka. Nikawa najua mzee anabaki anaangalia televisheni asiyoielewa, na moyo ulikuwa unaniuma kidogo.

Basi jioni moja napika, Ambwene akaja jikoni anajikuna kichwa. Akaniambia mzee anasema ile kona ya kwenye mabwawa naingia na mwendo mkubwa.

Mwiko ukanidondoka.

Kumbe Ambwene alikuwa amemfundisha njia ya metro na kumpa kadi ya usafiri, na mzee alikuwa anakwenda Montgomery kila siku, anapanda 44 kwa mlango wa nyuma, anakaa kiti cha mwisho kabisa kilichogusana na kibanda cha nyuma, maana tramu zile zina kibanda cha dereva kila upande. Kile ndicho kiti pekee ambacho kioo changu cha ndani hakikifikii. Mtu wa reli, hakubahatisha. Anakwenda Tervuren, anazunguka, anarudi. Mara nne, mara tano. Mila haijavunjwa, maana hakuna aliyemwona mwenzake uso.

Kesho yake kazini, mwenzangu mmoja, mama wa Bukavu tuliyekuwa naye kwenye njia ileile, akanivuta pembeni. "Dada, ule papa wa kofia anapandaka tu tramu yako," akasema. "Ya wengine anaachaka ipite. Bon, ni contrôleur ama ni mchumba?"

Nikamwambia si mkagua tiketi wala mchumba, ni mbaya kuliko vyote viwili, ni baba mkwe. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku hiyo niliendesha kama nimebeba mayai. Jioni ripoti ikaja: mzee anasema leo umechelewa Tervuren, abiria wana shughuli zao. Siku iliyofuata nikawahi. Ripoti: mzee anasema kengele unapiga mno, wale si ng'ombe. Nikapunguza kengele. Ripoti: mzee anasema majani yameanza kudondoka, muulize mkeo kama anajua mchanga.

Hapa niwape darasa kidogo. Majani ya msituni yakilowa kwenye reli yanakuwa utelezi kama maganda ya ndizi. Unafunga breki, magurudumu yanasimama, tramu inaendelea na safari zake. Ndiyo maana tramu ina sanduku la mchanga mkavu, unaumwaga mbele ya magurudumu ili yashike. Ukiumwaga mapema unakwisha bure, ukichelewa umekwisha wewe.

Nikamwambia Ambwene amjibu mzee kwamba mchanga naujua. Nilisema kwa sauti kubwa makusudi, ukuta wetu mwembamba.

Jamani, sijui niseme nini. Nilianza kuzisubiri zile ripoti. Nikitoka kazini natembea haraka nikasikie leo nimekosea nini. Maana nani mwingine duniani alikuwa anaijali kazi yangu kiasi kile? Ambwene mwenyewe alikuwa amepanda tramu yangu mara moja tu, na akasinzia.

Lakini sifa haikuja hata moja. Na siku zilikuwa zinakwisha.

Zikabaki siku nne aondoke. Upepo ulivuma tangu asubuhi, mvua inakatakata. Mchana nimetoka Montgomery na abiria wachache: wanafunzi wawili, bibi mmoja wa Kiflemi mwenye mbwa mnene wa kahawia, na nyuma kule najua nani yupo.

Tumeingia msituni. Natoka kwenye kona, naona tawi. Tawi gani, nusu ya mti, limelala juu ya reli zote mbili.

Mguu ulikwenda wenyewe. Breki, mchanga, breki tena. Nikasikia magurudumu yanateleza, halafu yanashika, yanasaga mchanga, tramu inatetemeka yote. Ikasimama. Kati yangu na lile tawi ungeegesha baiskeli mbili, si zaidi.

Nikauliza abiria kama wote wazima, nikapiga redio kituo cha uongozi. Wakanijibu kwa utulivu kabisa: aliye nyuma yako tumemsimamisha, hamia kibanda cha nyuma, rudi polepole mpaka kwenye njia ya kuvukia kwenda reli ya pili, urudi Montgomery.

Kibanda cha nyuma, wakuu. Kilichogusana na kiti cha mzee.

Mjue tramu ile ina njia moja tu katikati, na pale kwenye maungio ya mabehewa panabana kabisa. Milango siwezi kufungua msituni. Nyumbani tuna taulo. Huku sina hata leso.

Nikavua koti la kazi, nikajifunika kichwa hadi machoni, nikaanza kutembea naangalia sakafu. Bibi wa Kiflemi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni mila. Akaitikia kwa heshima kama vile ameelewa.

Nilipofika kwenye maungio nikaona viatu vyeusi vilivyong'arishwa vinakuja upande wangu.

Kumbe mzee naye alikuwa ameshajua nitaambiwa nini. Alinyanyuka aniachie nyuma, aende mbele. Sote tumefanya heshima, na heshima imetukutanisha mahali pembamba kuliko pote.

Viatu vikasimama, vikageuka dirishani. Nami nikageukia dirisha la pili. Tumepeana migongo, katikati yetu yupo yule mbwa, anatutazama kwa zamu.

Mvua tu.

Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikisemea karibu yangu.

"We mbwa," mzee akasema kwa Kiswahili, taratibu. "Mwambie dereva mchanga ameumwaga kwa wakati wake. Mimi nisingeweza kuuwahi."

Mila inakataza nisiseme na mzee. Kuhusu mbwa haikusema kitu.

"We mbwa," nikasema, "mwambie mzee dereva anashukuru. Na umuulize, kazi hii dereva aache au aendelee?"

Mbwa akapiga mwayo. Mimi pale naogopa kuliko nilipoliona tawi, maana tawi lingeivunja tramu tu, na hili lilikuwa maisha yangu.

"Mwambie watu wamekaa wanangoja," mzee akasema. "Akaendeshe."

Akapita nyuma ya mgongo wangu kwenda mbele, nami nikaenda nyuma. Nikakaa kwenye kibanda, nikaweka funguo, nikapiga kengele. Mbele ikawa nyuma na nyuma ikawa mbele, na yeye yuko mgongoni kwangu tena. Niliendesha hadi Montgomery nalia na kucheka kwa pamoja, na mara moja nilipiga kengele kwenye reli tupu kwa furaha tu. Ile ripoti yake nilikuwa tayari kuipokea.

Jioni Ambwene alirudi amenyong'onyea. Alijua siku zinakwisha na alikuwa anaiogopa hukumu kuliko mimi. Nikamwacha, sikumwambia kitu, mwanamke naye ana starehe zake. Akaenda chumbani kwa baba yake kumuuliza ameamua nini kuhusu kazi ya mkewe.

Nilitega sikio ukutani.

Mzee akamwambia, "Hilo wewe halikuhusu tena. Nimeshamjibu mwenyewe."

Wakuu, mimi ndiye mkamwana wa kwanza kwenye ukoo ule kujibiwa mwenyewe. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, nikajifunika khanga usoni, nikacheka mpaka machozi yakaisha.

Nilichojifunza: mila ya watu usiidharau kabla hujaishi nayo. Nilidhani mzee amenipa mgongo, kumbe hajawahi kutokea mtu aliyenitazama kwa makini kama yule. Na wenye waume watiifu kwa baba zao, msikate tamaa, wakati mwingine mzee ana akili kuliko mwanawe.

Haya, wenye wakwe zenu njooni. Wanyakyusa semeni kama nilivunja mwiko au mbwa ndiye aliyeuvunja, niko tayari kulipa faini. Wale wa "picha tafadhali" mtanisamehe, nilikuwa nimejifunika koti.