Alichomwambia Nahodha

Nilipanda boti ile kumpima mtu. Kama yupo anayedhani mwanamke wa umri wangu, aliyenunua nyumba yake mwenyewe hapa mtaa wa Black Rock kwa kufunga maboksi, anaweza kupanda ndege kutoka Buffalo kwenda kutazama samaki asiyeliwa, basi mtu huyo hanijui.

Niliyekuwa nampima ni kijana wa Louisville aliyetaka kumwoa binti yangu. Walikutana Columbus, kwaya zetu za miji mitatu zilipokusanyika kwa ajili ya Pasaka. Yeye alipiga gitaa la besi, na alilipiga vibaya. Binti akarudi nyumbani anacheka na simu hata akiwa anaosha vyombo. Sikuhitaji kuambiwa.

Ukoo wake sikuwa na neno nao. Ni Warundi kama sisi, wamepitia kambi za Tanzania kama sisi, wanasali. Neno langu lilikuwa kazi. Alikuwa anaendesha forklifti, ile gari ya kuinua mizigo ghalani, ana bima, ana zamu za mchana ambazo wengine wanazililia. Halafu huyohuyo anasema anataka kuacha yote aende bahari ya magharibi akawaonyeshe watu orka.

"Orka ni nini?" nilimuuliza binti.

Akanionyesha kwenye simu. Mnyama mkubwa mweusi, ana mabaka meupe kama mtu aliyemwagikiwa maziwa.

"Analiwa?"

"Mama! Haliwi."

"Sasa anafanywa nini?"

"Anatazamwa tu."

Nilisonya. Mwanamume mzima, mikono miwili, anaacha kazi ili watu watazame.

Kumbe kijana alikuwa ameshaosha boti hizo majira ya joto yaliyopita, na nahodha wake alikuwa karibu kumchukua awe wa kuwaeleza wageni. Akamwambia binti, "Tumpeleke Mama akaone mwenyewe." Mimi hakuniambia. Kwetu kijana hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye benchi moja, na kama yuko mtu wa katikati hupitisha maneno kwake. Desturi hiyo aliishika vizuri, sikatai. Kwenye uwanja wa ndege alitembea mbele yangu na begi langu mbiombio, ungedhani ameliiba.

Nikaenda. Nilijiambia, nikiona mtu, nitatoa mtoto. Nisipoona, atarudi Louisville na besi yake.

Boti yenyewe ilikuwa imejaa watu wenye makoti ya bei na viatu vichafu. Harufu ya mafuta, kahawa na viazi vya kukaanga, vyote pamoja. Hatujafika mbali, mzungu mmoja mnene aliyekaa mbele yangu akatapika kwenye mfuko, akaufunga, akaendelea kula viazi. Mimi sikutapika. Nimevuka mto Malagarasi nikiwa na mimba, bahari ya watalii haiwezi kunitapisha.

Tukapita kwenye miamba iliyolala simba wa baharini. Wanene, wanabwekeana, wanajinyea palepale walipolala na mwenzao anageuka juu ya mavi hayo. Uvundo ulikuja na upepo ukaingia mpaka kwenye kilemba changu. Watu wote kwenye boti wakapiga kelele za furaha, kama bibi harusi ameingia. Nikamwambia binti, "Nikifuga mbuzi mmoja tu nyuma ya nyumba, serikali ya mji itakuja kunishtaki harufu. Hawa wanalipiwa." Binti akacheka. Kijana, aliyekuwa amesimama kando na mgongo ametugeuzia, mabega yake yakacheka pia.

Kisha orka wakatokea.

Sitasema uongo, nilisimama. Pezi lilipanda kutoka majini, refu kama mlango, na pumzi ikatoka kwa mshindo. Mmoja, wawili, kisha mwingine na mtoto ubavuni. Mabaka ya mtoto hayakuwa meupe bado, yalikuwa na rangi ya chungwa iliyofifia. Aliogelea amembana mama yake, mama akipumua naye anapumua.

Kijana akamweleza binti, na binti akaniambia mimi, kwamba boti zinatakiwa kukaa mbali, sheria ipo. Nikasema vizuri. Lakini boti nyingine ikaja kutoka upande wa pili, na nyingine nyuma yake. Kila moja ikataka wateja wake waone kuliko wateja wa mwenzake, na ile mbali ikaanza kuwa karibu. Mama akageuka, boti zikageuka. Akazama, akatokea kwingine, injini zikamfuata. Watu wakanyanyua simu, wakasukumana, mmoja akapanda juu ya benchi langu na viatu vyake. Hakuna aliyekuwa anamtazama yule mnyama kwa macho yake. Nahodha akatangaza kitu kwenye spika kwa sauti ya mtu anayeuza magodoro.

Hapo nikaacha kumtazama mnyama, nikawatazama wenye simu.

Binti yangu huyuhuyu nilimzaa kambini. Alikuwa bado mchanga, namnyonyesha chini ya turubai, likaja gari la wageni. Mmoja wao akainua turubai ili apate mwanga mzuri, akanipiga picha na ziwa langu nje. Nikamwambia mkalimani, kijana wa kwetu kabisa, "Mwambie atoke." Mkalimani akasema maneno, mgeni akatabasamu, akanipungia mkono, akapiga nyingine. Sikujua Kiingereza hata kidogo wakati huo, lakini nilijua kwamba neno langu halikufika.

Basi kwenye boti nikavunja desturi. Nikamwita kijana mwenyewe.

"Wewe."

Akageuka nusu, macho chini. "Ndiyo, Mama."

"Nenda kwa nahodha wako. Mwambie azime injini amwache yule mama na mtoto wake. Mwambie ni mimi ninayesema."

Akapanda ngazi kwa nahodha, na mimi nikasogea chini yake nikasikiliza. Kiingereza changu ni cha ghalani, lakini masikio yangu ni mazima. Neno lao la kusema kitu ni kizuri ninalijua, kwa sababu msimamizi wangu kule Gahanna, nilikofanya kazi kabla ya Buffalo, alinitupia kila nilipovaa kitenge. Nikalisikia likitoka kinywani mwa kijana. Nahodha akachungulia chini, akanionyesha kidole gumba, meno yote nje. Kisha akaongeza mwendo.

Nikamgeukia binti. "Amemwambiaje?"

"Amesema unashukuru sana. Amesema hujawahi kuona kitu kizuri namna hii."

Nikakaa, nikaipa bahari mgongo. Sikugeuka tena mpaka tulipofunga kamba gatini.

Nyumbani Buffalo binti akanijia juu. "Mama, angefanyaje? Yule ni bosi wake!"

"Na mimi ni nani?"

"Wewe utampenda tu baadaye. Kazi ingepotea palepale."

"Mimi nilimwambia bosi 'hapana' wakati maneno yangu yote ya Kiingereza yalikuwa hapana, ndiyo na choo. Yeye amesoma."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Lakini wajomba walikuwa wameshapanga kuja kuposa, na kuwafukuza watu njiani si tabia yangu. Wakaja kutoka Louisville, wakampitia Reynoldsburg, pale kando ya Columbus, yule mwenye mdomo, mjomba ambaye anawasemea watu wote Columbus. Nikapika wali, maharage na ng'ombe. Samaki sikupika.

Kwa desturi mama anasubiri jikoni. Lakini mimi ni mjane, na jiko ni langu na sebule ni yangu. Msemaji alipoanza lile fumbo la posa, kwamba wamepotelewa na ndama na nyayo zimeishia mlangoni hapa, nikaingia na taulo begani.

"Ndama asubiri kidogo. Huyu kijana asimame."

Akasimama. Suti ilikuwa mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

"Waambie wajomba zako ulimwambia nini nahodha."

"Nilimwambia Mama anashukuru."

"Na mimi nilisema nini?"

Sauti ikashuka. "Ulisema azime injini. Amwache mama na mtoto wake."

Msemaji akacheka ile ya kupoza. "Dada yangu, hayo ni mambo ya samaki. Sisi tumefuata mtu."

"Leo ni samaki, shemeji. Kesho nitalazwa hospitali, nani atamwambia daktari ninapoumwa? Ni huyu. Nikisema naumwa tumbo, atasema nafurahia kitanda?"

Mjomba mmoja alitazama soda yake.

"Mpigie," nikamwambia kijana.

Akapiga, simu kwenye spika. Nahodha hakupokea, ikaja ile mashine ya kuacha ujumbe. Nikadhani atakata. Hakukata. Akaongea na mashine mbele ya ukoo wake wote, jasho linamtoka, na binti yangu, bila kuombwa na mtu, akanitafsiria neno kwa neno. Yote yalikuwemo, hata lile kwamba ni mimi niliyesema.

"Haya," nikamwambia msemaji. "Huyo ndama yukoje? Sema upesi, chakula kinapoa."

Nahodha hajapiga mpaka leo, na kijana bado yuko kwenye forklifti. Sikumsamehe, nilimruhusu tu. Ni vitu viwili.

Mwaka huu nilikwenda kuwatembelea Louisville, jicho likaniuma, wakanipeleka kwa daktari. Mkwe akakaa karibu nami, uso ameuelekeza ukutani kama inavyotakiwa. Daktari akaanza kunivuta kope kwa vidole vyake.

"Mwambie mikono yake inanuka sigara," nikasema.

Nikamwona mkwe anavyoutazama ule ukuta.

Kisha akamwambia. Najua alimwambia, kwa sababu daktari aligeuka mwekundu hadi masikioni, akainuka, akafungua bomba.