Ndege ya Yaya Uyirwoth

Baba alikuwa mgonjwa, na kila asubuhi aliuliza neno moja: Uyirwoth, mwanawe wa kwanza, atakuja lini? Ndiyo maana nikaondoka Mahagi-Port kwenda Bunia kumchukua kaka yangu mkubwa, “yaya” kama tunavyosema kwetu, ingawa vita vilikuwa vimeshika Ituri nzima na mama alinililia kana kwamba ananizika.

Njiani, kila kizuizi, vijana wenye bunduki waliwashusha wanaume kwenye lori, wakawavua mashati na kukagua mabega. Bega lenye sugu ya mkanda wa bunduki lilitosha kumponza mtu. Sisi wanawake tulipita kwa kutoa samaki wakavu. Kaka alikuwa askari kabla hajatoroka jeshi, na sugu anayo. Barabara ile isingemfikisha.

Bunia nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi ndani ya ndege aliyojitengenezea: mbao za mikaratusi, injini ya pikipiki, mabawa ya turubai.

“Yaya, hata kuku iko na mabawa,” nilimtania.

Hakucheka. “Njia ya chini ilinikataa. Kesho tunaijaribu. Ikipanda, sishuki mpaka kwa papa.”

Asubuhi tuliisukuma hadi kiwanja cha mpira. Injini ikanguruma, ndege ikakimbia, gurudumu la mbele likainuka, nami nikapiga vigelegele. Kisha nikageuka kuutazama mtaa. Siku zile kila nyumba ya Bunia ilikuwa na furushi lililofungwa tayari mlangoni, na watu wakisikia mngurumo wasioujua hawakungoja kuuliza. Wanawake walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani. Bibi mmoja alikuwa ameanguka mtaroni, furushi lake limefumuka.

Kaka akazima injini.

“Washa, yaya! Papa anakungojea!”

“Nilitupa bunduki ili watu wasinikimbie tena. Angalia weye mwenyewe.”

Akaenda kumwinua yule bibi. Jioni akalivua turubai la mabawa, akamwezekea paa lililokuwa linavuja. Nililia kwa hasira.

Nilirudi peke yangu. Mahagi-Port nilimkuta baba bado anapumua, nikamsimulia yote.

“Watu walikimbia?”

“Walikimbia, papa.”

“Na yeye?”

“Akaizima.”

Alifumba macho. “Basi mutoto wangu amekwisha kurudi.”

Akafariki siku chache baadaye. Safari ile ilinifunza kwamba mtu anaweza kurudi nyumbani bila kufika. Lakini kaburini, udongo wa kwanza, ambao kwetu ni haki ya mwana wa kwanza, niliutupa mimi, na moyo unaniuma hadi leo.